Kabla ya Chinyimba Kulia

Kwa Wabukusu, mjomba ana zamu yake. Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili inapokaribia, kijana anayejiandaa kutahiriwa huenda kwa khocha, ndugu wa kiume wa mamake, akigonga chinyimba, kengele za tohara, mikononi. Khocha humchinjia ng'ombe na kumvisha luliki shingoni, kipande cha nyama ambacho kila anayekutana na kijana njiani hujua kimetoka kwa nani. Mimi ni khocha wa kijana anayeishi na wazazi wake mtaani Matisi, Kitale. Mwaka alioanza kuulizia chinyimba, dada yangu alinipigia simu saa tano usiku akasema neno moja: "Goti."

Kijana huyo ana hemofilia. Damu yake haigandi kama yako na yangu kwa kuwa imepungukiwa na protini moja ya kugandisha damu, protini ambayo wagonjwa na wauguzi huiita fakta. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na fakta ya nane. Mwenye B, fakta ya tisa. Watu hudhani ataishiwa na damu akikatwa kidogo na wembe. Sivyo. Hatari yake kubwa ni damu inayovuja ndani: kwenye goti, kiwiko, kifundo cha mguu, kwenye misuli, na mara nyingine kichwani. Na ugonjwa huu hupita njia ileile ya luliki, upande wa mama. Ndiyo maana daktari wa damu akimpokea mvulana wa namna hii huuliza mapema habari za wajomba. Yupo aliyetokwa damu siku nyingi baada ya kutahiriwa? Yupo aliyefariki? Kwetu yupo. Ndugu wa nyanya yetu mzaa mama alikufa siku chache baada ya kisu, na sisi tulikua tukiambiwa alirogwa. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo, kwa hiyo kukosa mjomba wa kutajwa si kinga.

Usiku ule dada alikuwa tayari amefanya alichoona ni busara. Alikuwa mwanachama wa kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto wa hemofilia, na humo mlikuwa na daktari mmoja. Akatuma picha ya goti na maneno machache: "Daktari, nifanye nini?" Kabla ya saa sita watu tisa walikuwa wamejibu. Wawili walimwombea. Mmoja alimwambia afunge majani ya kabichi. Mwingine akataja dawa ya maumivu ambayo kwa mwenye hemofilia huzidisha kuvuja damu. Waliobaki wakasema, subiri daktari. Akasubiri. Daktari alikuwa amelala, kama alalavyo mtu yeyote aliyetoka kazini amechoka, na jibu lake likafika saa kumi na mbili asubuhi: mpeleke hospitali sasa hivi. Saa saba zilikuwa zimepita, damu ikijaa kwenye goti la mtoto.

Sikumlaumu daktari yule na sitamlaumu. Hakuwahi kuahidi kukesha. Dada naye hakuwahi kuambiwa kwamba kundi si zamu ya usiku. Naandika kwa sababu ya zile saa saba, nikiwalenga wazazi wa Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili walio na mtoto mwenye ugonjwa usiojulikana na wengi, na pia madaktari wenye moyo wa kuwafuata wagonjwa hao hadi kwenye simu zao. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya daktari wa mtandaoni ni kumwezesha daktari aliye karibu nawe ajue anamtibu nani na kwa nini. Kundi likikupeleka hospitali mapema, limefanya kazi yake. Likikubakisha nyumbani ukisubiri tiki za bluu, limekudhuru hata kama kila aliyemo anakupenda.

Hemofilia A humpata takriban mtoto 1 kati ya wavulana 5,000 wanaozaliwa. Hemofilia B ni adimu zaidi, 1 kati ya 25,000 au 30,000. Maana yake ni kwamba afisa wa kliniki mwenye bidii, anayewahudumia watu kuanzia asubuhi hadi jioni, anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona hata mmoja, au akamwona na kudhani ni baridi yabisi. Mpwa wangu alipokuwa mdogo, kituo kimoja cha afya kilimdunga sindano ya maumivu pajani kwa sababu ya goti, na paja likavimba kuliko goti lenyewe. Aliyemdunga alikuwa mpole na alitaka kumsaidia. Hakuwa amefundishwa, nasi hatukuwa na la kumwambia. Ulaya, ugonjwa huitwa adimu ukiwapata watu wasiozidi 1 kati ya 2,000, na magonjwa ya aina hiyo ni zaidi ya 6,000. Hakuna daktari anayeweza kuyabeba yote kichwani. (Na adimu ya Ulaya si adimu ya kwetu: selimundu huko ni nadra, ilhali huku magharibi mwa Kenya karibu kila kijiji kina mtoto anayeugua.)

Hapo ndipo simu inapokuwa na thamani. Mwaka 2012 profesa mmoja wa kompyuta nchini Marekani, Matt Might, aliandika mtandaoni kisa cha mwanawe Bertrand, ambaye madaktari walikuwa wamegundua kwamba ana hitilafu katika jeni iitwayo NGLY1. Hakukuwa na mgonjwa mwingine aliyejulikana. Might aliandika kwa makusudi, akitaja dalili zote, ili mzazi au daktari yeyote duniani atakayezitafuta mtandaoni aangukie maandishi yake. Kisa kikasambaa, na familia nyingine zikaanza kujitokeza, kisha watafiti wakawa na kundi la watoto wa kuwachunguza badala ya mmoja. Bertrand alifariki mwaka 2020, lakini ugonjwa wake una jina na una watu wanaoufanyia kazi.

Nakikumbuka kisa hicho kila ninapofikiria Matisi, kwa sababu shida yetu ni tofauti. Ugonjwa wa mpwa wangu unajulikana na una dawa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret ina kliniki ya hemofilia iliyojengwa kwa ushirikiano wa muda mrefu na wataalamu wa Indiana, Marekani. Kuna Chama cha Hemofilia Kenya. Kuna Shirikisho la Hemofilia Duniani, lililoanzishwa 1963 na Frank Schnabel, mfanyabiashara wa Kanada ambaye mwenyewe alikuwa na hemofilia, na sehemu kubwa ya fakta inayotumika katika nchi kama yetu hutoka kwenye msaada wake. Mtoto wa Matisi hahitaji kugunduliwa na ulimwengu. Anahitaji kutambuliwa na muuguzi aliye zamu saa saba usiku, kilomita 70 hivi kabla ya kufika Eldoret.

Basi tuanze na mzazi.

Kwanza kabisa, muulize daktari wa kundi, ana kwa ana ukiweza: "Nikikuandikia usiku, nitegemee nini?" Swali hili huonekana kama la kukosa adabu. Wazazi wengi huogopa kumuudhi, wakidhani ukarimu wa daktari ni kama maji ya kisima cha jirani, hautakiwi kuulizwa mwisho wake. Muulize. Daktari mwema atafurahi kusema ukweli: hujibu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, siku za kazi, na usiku upige nambari fulani au uende hospitali bila kuuliza. Ukishajua hivyo, huwezi tena kupoteza saa saba.

Pili, hakikisha ni daktari. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC, lina orodha mtandaoni ambamo unaandika jina na kuona kama ana leseni ya mwaka huu. Maafisa wa kliniki wana baraza lao, wauguzi lao. Picha ya mtu aliyevaa koti jeupe na kifaa cha kusikilizia mapigo shingoni haithibitishi chochote, koti linauzwa. Ukikutana kwenye TikTok na mtu anayeahidi kuponya hemofilia kwa dawa ya kuongeza damu, kumbuka kwamba mtoto wako hajapungukiwa na damu. Anayo tele. Anachokosa ni fakta, na hiyo haipatikani kwenye viazisukari vyekundu, maini wala mchanganyiko wowote wa mitishamba. Nasema hivi nikijua uzito wa ushauri wa nyanya katika nyumba zetu. Lishe nzuri mpe, lakini goti likivimba nenda hospitali.

Tatu, na hapa ningependa utulie nami, andika ujumbe wako kabla ya shida. Mama aliyeamshwa na kilio cha mtoto hawezi kukumbuka kila kitu, na daktari aliyeamshwa naye hawezi kuuliza maswali kumi. Ujumbe wa dada yangu ulikuwa picha na swali. Siku hizi, kwenye simu yake, ya shemeji na yangu, umehifadhiwa ujumbe wa aina hii, na usiku tunajaza pengo tu:

"Mtoto wa kiume, miaka 11, kilo 32. Hemofilia A kali. Anavuja kwenye goti la kulia tangu saa mbili usiku, hakuanguka. Fakta ya mwisho alipewa Jumanne, kiasi hiki. Hajapewa dawa nyingine isipokuwa paracetamol. Tuko Matisi, tunaelekea hospitali ya kaunti Kitale kwa boda. Mpigie daktari wa zamu."

Kila kipande kina sababu. Kilo zimo kwa kuwa kiasi cha fakta hupigiwa hesabu kwa uzito, na uzito wa mtoto wa mwaka jana si wa leo. Mpime kila unapopita kwenye mizani ya kliniki. Aina na ukali vimo kwa sababu fakta ya nane haimsaidii mwenye B. Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Haimuulizi daktari wa mbali kama twende. Inamwambia tumeshatoka, na inamwomba azungumze na mwenzake aliye karibu. Dakika tano za daktari wa Eldoret akiongea na afisa wa kliniki wa Kitale zina faida kuliko saa nzima akinituliza mimi.

Picha nayo ina ufundi wake. Katika ngozi yetu nyeusi michubuko haionekani vizuri, hasa kwenye mwanga wa balbu ya njano. Piga magoti yote mawili pamoja, mtoto amenyoosha miguu, ili uvimbe ulinganishwe. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kila goti, andika tarakimu. Chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe, na baada ya saa moja uone kama umevuka mstari. Uso wa mtoto usiwemo, wala sare ya shule. Na kabla hujaanza mambo ya picha, mguu uwe umeinuliwa, umepumzishwa, umewekewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ikiwa ameumia kichwani, shingoni au tumboni, sahau picha. Toka nje, tafuta gari. Kanuni ya wataalamu katika hali hizo ni kumpa fakta kwanza, vipimo na eksirei vifuate baadaye, na ni haki yako kuisema kanuni hiyo kwa sauti kwenye mapokezi.

Kuna mambo machache ambayo ningependa kila familia iyaandike kwenye karatasi ngumu, iyapige picha, iyaweke kwenye simu na kwenye begi la shule: jina la ugonjwa, aina, kundi la damu, nambari ya kliniki, asipewe aspirini, ibuprofen wala diclofenac, asidungwe sindano ya msuli, asing'olewe jino wala kupasuliwa kabla ya kupewa fakta. Ukimkabidhi muuguzi karatasi yenye mhuri wa kliniki, humfundishi kazi. Unampa alichokosa. Watu wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika magonjwa adimu, mgonjwa mwenyewe ndiye mgeni anayeleta habari.

Sasa niseme juu ya siri, jambo ambalo wazazi hulipuuza hadi likawauma. Hemofilia hubebwa na mama. Kila mimba ya mama mwenye jeni hiyo, mtoto akiwa wa kiume, ana nafasi ya nusu kuwa mgonjwa. Akiwa wa kike, ana nafasi ya nusu kuwa mbebaji. Mwanamume mwenye hemofilia, binti zake wote ni wabebaji. Kwa hiyo unapoweka Facebook picha ya mwanao na jina la ugonjwa wake, hutangazi habari za mtu mmoja. Umemtaja mkeo, umemtaja dada wa mtoto ambaye baada ya miaka kumi ataletewa posa, umewataja shemeji zako wote. Nimeona ndoa ikitikisika kwa sababu ya chapisho la kuchangisha pesa. Mama aliambiwa amewaletea watu damu mbaya. Mchango ukihitajika, uombwe kwa watu wanaowajua, kwa nambari ya M-Pesa ya mtu wanayemwamini, bila picha ya uso. Picha zilizotapakaa huchukuliwa na matapeli na kubandikwa nambari nyingine. Katika kundi pia, kumbuka nambari yako inaonekana na kila mwanachama, na ujumbe mmoja ukipigwa picha ya skrini umetoka nje ya boma.

Sheria iko upande wako hapa. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika daraja la data nyeti. Za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Si maneno matupu. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha ya mtoto darasani ina uzito huo, fikiria ya mtoto kitandani.

Daktari, nawe nina haya ya kukuambia, na nayasema kwa shukrani, kwa sababu wengi wenu mnafanya kazi hii bila malipo na kwa bando zenu wenyewe.

Usitumie nambari yako ya nyumbani. Iombe kliniki laini yake, simu yake, na wauguzi wawili au watatu wanaopokezana. Najua utasema kaunti haina pesa ya simu, na huenda ni kweli, lakini fikiria kinachotokea ukihamishwa. Nimeona kundi lenye uhai likifa ndani ya mwezi mmoja kwa sababu daktari aliyelianzisha alienda kusomea ubingwa. Wazazi waliendelea kumwandikia, naye akaona haya kuondoka, akawa anajibu kwa mkato akiwa mji mwingine, hajui tena fakta iko wapi. Katika mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, familia zilizofanikiwa ni zile zilizokuwa na nambari ya mahali, pamoja na ya mtu. Laini iwe ya kliniki. Wewe upite, yenyewe ibaki.

Tenganisha makundi mawili. La kwanza liwe la matangazo, ambamo wasimamizi pekee wanaandika, na tangazo la thamani kuliko yote ni hili: wiki hii fakta ipo wapi. Msaada huja kwa mafungu. Leo ipo Eldoret, kesho imepungua, kesho kutwa sanduku limefika. Mzazi wa Bungoma anayejua kabla ya kupanda matatu ya kupitia Webuye na Turbo ameokolewa nauli, na pengine ameokolewa mtoto. Kundi la pili liwe la wazazi wenyewe, waliliane, wacheke, waulizane habari za shule. Humo wewe huhitaji kuwepo kila siku. Ingia mara moja kwa wiki kwa saa iliyotangazwa, jibu maswali ya wote, toka. Juu ya makundi yote mawili bandika sentensi moja isiyoondoka: usiku na wakati wa dharura usiandike hapa, nenda hospitali na upige nambari hii.

Swali la mgonjwa mmoja lisijibiwe mbele ya mia mbili. Mwambie, "Mama, nakupigia," kisha umpigie. Na ukishampa ushauri, uandike kwenye faili lake kama ambavyo ungeandika angekuwa mbele yako. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua huduma inayotolewa kwa njia ya mtandao, na huduma inayotambuliwa ina wajibu uleule wa kumbukumbu na siri. Mzazi akikosea kwa kushauri diclofenac, msahihishe siku hiyohiyo, kwa upole na kwa sababu, maana aliyenyamaziwa huendelea na aliyeaibishwa hutoka kwenye kundi na dawa yake mfukoni. Kampuni ya dawa ikikulipia safari au ikikupa simu, waambie wazazi. Hawatakuchukia. Watajua tu namna ya kukusikiliza.

Kuhusu lugha, tuma ujumbe wa sauti. Nyanya anayemlea mtoto wakati mama yuko sokoni Kitale huenda hasomi, lakini husikia, na ukimpata muuguzi wa kuurudia kwa Kibukusu au Kiturkana, umemfikia mtu ambaye ndiye hukaa na mtoto mchana kutwa. Ujumbe uwe mfupi. Hati ndefu yenye kurasa ishirini hula bando na haifunguki kwenye simu yenye skrini iliyopasuka. Na usisahau simu ya kabambe: ujumbe mfupi wa kawaida hufika hata pale data imeisha.

Nirudi kwa chinyimba, kwa sababu ndiyo mwanzo wa haya yote. Kila mwaka wa tohara, 2022, 2024, na sasa 2026, kuna mvulana ambaye hajawahi kupimwa atakayesimama alfajiri akiwa amepakwa matope ya mtoni, bila kupepesa jicho, mbele ya omukhebi, yaani ngariba. Akiwa na hemofilia, damu haitakoma mchana wala jioni. Kundi la wazazi wenye watoto wa ugonjwa huu halimfikii, kwa maana yeye hayumo. Anayemfikia ni redio, mchungaji, chifu, mwalimu, na kundi la WhatsApp la ukoo, lile la mazishi na harusi. Madaktari, hapo ndipo ningewaomba mpeleke sauti zenu mwezi wa Mei na Juni. Ujumbe wa dakika moja wenye maswali matatu: je, mtoto huvimba viungo bila kuanguka? Alitokwa damu muda mrefu alipong'oka jino? Yuko mjomba aliyetokwa damu sana au kufariki baada ya kutahiriwa? Jibu la ndiyo kwa moja, apimwe kabla ya chinyimba kulia. Msiikemee mila katika ujumbe huo. Mkiikemea, ujumbe utafutwa kabla ya kusikilizwa.

Na wajomba wenzangu, ninyi ndio mnaoyajua majibu ya swali la tatu. Kabla ya kuchinja, semeni. Sikuona rahisi kumwambia shemeji kwamba kifo cha ndugu wa nyanya hakikuwa uchawi, kwamba kilitoka kwetu. Nilimwambia tukiwa tumeketi nyuma ya nyumba, bila simu. Mambo mengine hayatumwi kwa sauti wala kwa maandishi.

Kijana wetu alitahiriwa hospitalini, baada ya kliniki kupanga fakta ya kabla, ya siku yenyewe na ya siku zilizofuata, na daktari wa damu kuzungumza na mpasuaji kwa simu mara mbili. Luliki nilimvisha nyumbani. Wazee wawili walinung'unika, mmoja akaja baadaye kuniuliza kando habari za mjukuu wake anayevimba viwiko, na nambari ya kliniki nikampa.

Tangu hapo dada ameongeza mtu mmoja kwenye mpango wake wa usiku. Ni kijana wa boda anayeegesha karibu na lango lao. Amefundishwa jina la ugonjwa, amehifadhi nambari ya kliniki kwenye simu yake ndogo ya kubonyeza, na anajua kwamba akipigiwa na nyumba ile usiku, haulizi ni nini. Anawasha pikipiki.